Nyota Zangu Zimeenda Wapi?

Maswali ya wasomaji kuhusu programu za muziki zilizobadilishwa sura

Tangu programu moja ya muziki inayopendwa sana huku kwetu ivalishwe sura mpya, barua zinatufikia kutoka Kondele hadi Kaptembwa, na nyingi zinalia kilio kimoja: nyota za kupimia nyimbo zimeondolewa, moyo umewekwa mahali pake. Jina la programu tumeliacha nje kwa kuwa majibu haya yanafaa kwa nyingine yoyote yenye tabia hiyo. Barua tumezifupisha.

Hamjambo wahariri. Nina nyimbo kama 1,200 kwenye memori kadi: benga, ohangla na rumba ya Kongo. Kwa miaka minne nimezipa nyota, moja hadi tano. Juzi programu ilijisasisha, ikaniuliza kama nakubali "mwonekano mpya", nikabonyeza Ndiyo. Sasa kuna moyo tu, na nyimbo zilizokuwa na nyota tatu hazina alama yoyote. Nyota zangu zitarudi? — Msomaji, Kondele, Kisumu

Kwanza usiguse kitu. Usiiondoe programu hiyo, wala usibonyeze "Futa data" kwenye mipangilio ya simu. "Futa akiba" haina madhara, lakini hizo mbili huwa zimepakana, na kidole kikiteleza kazi ya miaka minne inakwenda na maji.

Kurudi kwa nyota kunategemea ziliandikwa wapi. Huenda ziliandikwa ndani ya faili ya wimbo yenyewe, au katika daftari la siri ambalo programu inaliweka kwenye simu yako, au kwenye seva za kampuni. Kwa nyimbo za memori kadi, seva tuiweke kando. Zimebaki mbili, na kuna jaribio la dakika tano la kuzitofautisha. Chagua wimbo mmoja ambao una hakika uliupa nyota tatu. Utume kwa Bluetooth hadi kwenye kompyuta yenye Windows, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, kisha ukurasa wa maelezo. Chini ya jina la wimbo kuna mstari wa nyota tano. Zikiwa tatu zimejaa, pumua. Nyota zako zimo ndani ya faili, na kicheza muziki kingine chochote chenye uwezo wa kuzisoma kitazionyesha. Mstari ukiwa mtupu, zilikaa kwenye daftari la programu.

Usishangae kama wimbo wa nyota moja utaonekana una mbili. Katika MP3 nyota huhifadhiwa kama namba kati ya 0 na 255, na programu hazikubaliani namba ipi ni nyota ngapi. Windows huandika 1, 64, 128, 196 na 255 kwa nyota moja hadi tano. Programu nyingine hugawa 255 mara tano sawasawa: 51, 102, 153, 204, 255. Sasa 51 iko karibu na 64 kuliko 1, basi nyota moja inasomwa mbili. 102 iko karibu na 128, basi mbili inakuwa tatu. Na 153 nayo inaangukia hapo hapo kwenye tatu. Nne na tano hubaki salama. Kwa hiyo ukihamisha, angalia nyimbo za daraja la chini. Za juu hazina shida.

Kama zilikuwa kwenye daftari la programu, bado si msiba. Waundaji wanapobadilisha nyota kuwa moyo, kwa kawaida huandika kanuni fupi: nne na tano zinapata moyo, zilizobaki zinaachwa bila kitu. Ndiyo maana tatu zako zimepotea machoni. Lakini safu ya zamani ya nyota mara nyingi huachwa humo humo, imefichwa tu. Apple walifanya karibu hivyo hivyo: iOS 10, mfumo wa iPhone, ilipotoka Septemba 2016 nyota ziliondolewa kwenye skrini ya programu yao ya muziki, watu wakalalamika, na Desemba mwaka huo toleo la 10.2 likazirudisha kama swichi ndani ya mipangilio. Basi kabla ya kukata tamaa pitia mipangilio ya programu yako mstari kwa mstari, hasa sehemu za "Mwonekano" na "Maktaba", ukitafuta swichi ya kuonyesha nyota. Tafuta pia neno "nakala rudufu". Kama programu ilikuwa ikijihifadhi yenyewe, utakuta faili yenye tarehe ya kabla ya sasisho.

Ukizipata, usizirudishe palepale na kukaa kwa imani. Tengeneza orodha tano za nyimbo, uziite N1 hadi N5, uingize kila wimbo kwenye daraja lake, kisha uzitoe kama faili za M3U. Hiyo ni faili ya maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila wimbo, hivi:

/storage/3A4F-1B2C/Music/Benga/wimbo_07.mp3

Nyimbo zako zote 1,200 hazitafika ukubwa wa picha moja ya kamera. Jitumie kwa barua pepe. Tazama hizo herufi nane zenye kistari katikati: ndiyo namba ya memori kadi yako. Ukinunua kadi nyingine namba itabadilika, na orodha nzima itasema nyimbo hazipo hata kama umezihamisha zote. Dawa ni kufungua faili kwenye programu yoyote ya maandishi na kubadilisha namba ya zamani kwa mpya kwa mpigo mmoja. Au tangu mwanzo weka M3U ndani ya folda ya Music na uache folda ndogo na jina la wimbo peke yake kwenye kila mstari, mfano Benga/wimbo_07.mp3, bila njia ndefu. Hapo hata ukibadilisha kadi mara kumi hazipotei.

Kwa nini hawaandiki kwenye faili moja kwa moja tukapona? Tangu Android 11, programu hairuhusiwi kubadilisha faili ya muziki ambayo haikuitengeneza yenyewe bila kukuomba ruhusa. Waundaji wengi hawataki kukusumbua kwa maombi kila unapobonyeza nyota, wakachagua daftari lao. Uvivu kidogo, lakini unaeleweka.

Mimi na jirani tunaishi Section 58, Nakuru, simu zetu ni aina moja na toleo la programu ni lile lile hadi tarakimu ya mwisho. Yeye ana nyota, mimi nina moyo. Nimerogwa?

Hujarogwa. Sura zote mbili zimo ndani ya toleo hilo moja, na seva ndiyo inayoamua nani aone ipi. Kampuni hugawa watumiaji makundi mawili, huwaangalia kwa wiki kadhaa, kisha huamua. Wewe umeangukia kundi la majaribio. Kwa hiyo kuzima usasishaji wa kujiendesha hakukuokoi, na kutoka kwenye akaunti na kuingia tena kwa kawaida hakubadilishi kitu, kwa sababu kundi limefungwa kwenye akaunti yako. Jaribu kufungua akaunti hiyo hiyo kwa kivinjari cha kompyuta. Mara nyingi huko sura ya zamani hukawia kuondoka.

Netflix waliacha nyota tano kwa mtindo huu mwaka 2017. Walijaribu vidole gumba kwa baadhi ya watu kwanza, wakaona wanapata maoni mengi zaidi. YouTube walikuwa wameshaacha nyota mwaka 2010, kwa sababu watu karibu wote walikuwa wakitoa tano. Moyo unabonyezwa haraka kuliko nyota, na kampuni inataka mibonyezo. Wewe unayetofautisha wimbo wa kusikiliza jikoni na wimbo wa kusimamisha kazi ndiye unayepoteza.

Mimi ni dereva wa matatu, Nakuru–Kericho–Kisumu. Nimepanga nyimbo kwa nyota kwenye simu, nikahamishia flashi, lakini redio ya gari inazipiga ovyo. Nyota hazionekani kabisa.

Redio nyingi za gari hazisomi nyota, hazisomi moyo, na M3U nyingi haziijui. Zinajua folda na faili, basi. Tafsiri nyota zako ziwe folda: A_TANO, B_NNE, C_TATU. Hizo za moja na mbili unaziwekea nini abiria?

Kuhusu mpangilio wa ovyo: redio za bei nafuu hupiga nyimbo kwa mfuatano zilivyoandikwa kwenye flashi, si kwa alfabeti. Ukiongeza wimbo leo, utapigwa mwisho hata kama jina lake linaanza na A. Tatua hivi: kwenye kompyuta, yape mafaili majina yanayoanza na 001, 002, 003. Futa kila kitu kwenye flashi, kisha nakili folda moja baada ya nyingine kwa mfuatano unaoutaka, si zote kwa pamoja. Flashi iwe imefomatiwa kwa mpangilio wa faili uitwao FAT32. Redio nyingi zikikutana na mpangilio mwingine, exFAT, husema hakuna kitu ndani. Dirisha la kawaida la kufomati la Windows kwa miaka mingi halikutoa FAT32 kwa flashi iliyozidi GB 32, kwa hiyo nunua ya 32 au ndogo zaidi. Wimbo wa dakika tano kwa ubora wa juu kabisa wa MP3 ni kama MB 12. Utaweka zaidi ya 2,500, na hakuna safari ya Kericho inayozimaliza.

Nina kinyozi Kakamega. Baada ya sura mpya, mambo mawili: bando linakwisha kabla ya mwezi, na mapendekezo yamekuwa takataka kwa sababu wateja hushika simu na kubonyeza moyo kila wanapopenda.

Tuanze na bando. Sura mpya za siku hizi huja na vipande vya video vinavyojizungusha nyuma ya wimbo na kwenye ukurasa wa mwanzo. Vizime, swichi iko kwenye mipangilio, chini ya "Kiokoa data" au "Uchezaji". Kisha kagua ubora wa sauti, maana sasisho kubwa mara nyingine hurudisha mipangilio ya kiwandani. Hesabu ni rahisi. Sauti ya kilobiti 96 kwa sekunde hula MB 43 kwa saa, ya 160 hula 72, ya 320 hula 144. Ukifungua saa kumi kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni saa 260. Kwa 96 hiyo ni GB 11 na ushei. Kwa 320 ni zaidi ya GB 37. Na kwa spika ndogo iliyotundikwa juu ya kioo, mashine ya kunyolea ikinguruma, hakuna mteja atakayesikia tofauti. Bora zaidi, pakua orodha zako usiku ukiwa kwenye Wi-Fi, halafu uwashe hali ya nje ya mtandao. Kumbuka tu kuingia mtandaoni kabla siku 30 hazijaisha. Spotify, kwa mfano, hufunga nyimbo ulizopakua ukipitisha muda huo.

Kuhusu mioyo ya wateja: huduma kadhaa zina kipindi cha faragha, ambacho yanayopigwa hayaingii sana kwenye hesabu ya mapendekezo. Kiwashe kila asubuhi kwa sababu hujizima chenyewe. Mioyo iliyokwisha kubonyezwa haifutwi na kipindi hicho. Fungua orodha ya nyimbo ulizopenda, ipange kwa tarehe ya kuongezwa, na uondoe zile za tangu sura mpya ije. Kisha tumia kipengele cha kubandika programu kilicho kwenye usalama wa simu, kinachoifunga simu kwenye programu moja tu (bandika nyingine, si ya muziki), au iweke simu juu ya rafu. Rafu ndiyo imara zaidi.

Jambo moja hukuuliza: uanachama wa mtu binafsi ni wa masikio yako na ya nyumbani kwako. Kuchezea wateja kunahitaji leseni ya hadharani, ambayo hutolewa na vyama vya kukusanya mirabaha vilivyoidhinishwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

Nimekasirika. Nimeipa programu nyota moja Play Store nikaandika "MBAYA SANA RUDISHENI YA ZAMANI". Pia nimezipa nyimbo zote ndani yake kidole chini ili wapate ujumbe. Hakuna aliyejibu. — Bungoma

Hivyo vidole ondoa leo. Wenye programu hawavisomi kama malalamiko. Mashine inavisoma kama ladha yako. Umeifundisha kwamba unachukia kila wimbo unaoupenda, na wiki ijayo itakuletea usivyovijua.

Nyota moja ya Play Store ina nguvu kuliko unavyodhani. Wastani unaouona umepimwa kwa kuzipa uzito tathmini za karibuni, na tangu Novemba 2021 kila nchi huonyeshwa wastani wake. Kwa hiyo sauti za Kenya zinahesabiwa Kenya, hazizami tena katika za Marekani. Muundaji hawezi kuufuta wastani huo kwa kutoa toleo jipya. Kwenye duka la Apple anaweza kuanza wastani upya, ingawa maandishi ya watu hubaki.

Kilichokuangusha ni maneno. Una herufi 500, na anayesoma ana maoni mamia mbele yake. Andika kitu anachoweza kukipeleka kwa fundi wake, mfano:

"Android 11, RAM GB 2, nyimbo 900 kwenye memori kadi. Baada ya sasisho la wiki hii: (1) nyota zimebadilishwa kuwa moyo, nyimbo za nyota 1–3 zimepoteza alama, (2) kitufe cha moyo kiko pembeni mwa kitufe cha kuruka, nakibonyeza kwa makosa, (3) orodha ya 'nyota 4 na zaidi' iko tupu. Naomba swichi ya kurudisha nyota. Toleo la awali nililipa nyota 5."

Hayo yanatosha, na bado nafasi ipo. Ile sentensi ya mwisho usiiache: inaonyesha wewe si mgomvi wa kudumu, ni mteja anayerudishika. Wakirekebisha, rudi uhariri maoni yale yale badala ya kutafuta akaunti ya pili. Na kumbuka jina na picha ya akaunti yako ya Google vinaonekana na kila mtu.

Fundi wa simu hapa mjini Nakuru anasema kwa kitu kidogo atanirudishia toleo la zamani. Nimpe?

Muulize kwanza atafanyaje. Kama programu ilikuja na simu kutoka dukani, kazi hiyo ni ya bure: fungua maelezo ya programu, bonyeza nukta tatu juu, chagua kuondoa masasisho, ingawa hapo pia data ya programu hufutwa. Kama uliipakua mwenyewe, Android haikubali toleo la zamani kukaa juu ya jipya. Lazima programu iondolewe kwanza, na ikiondolewa daftari lake la nyota linaondoka nalo. Yaani ili urudishe nyota, fundi anazifuta. Asipokuambia hilo kabla ya kupokea pesa, mpe kwaheri.

Halafu faili ya kusakinisha ameitoa wapi? Kama ni kiungo cha kundi la WhatsApp, angalia ruhusa inazoomba. Kicheza muziki kinahitaji kusoma faili za sauti na kutoa arifa. Hakina shughuli na SMS zako, na simu inayopokea jumbe za M-Pesa si ya kujaribia. Ukiamua kurudi nyuma licha ya yote, fungua ukurasa wa programu Play Store, nukta tatu, uondoe tiki ya kujisasisha, la sivyo asubuhi utaikuta mpya tena. Kwa programu za mtandaoni hata hivyo hufiki mbali; siku moja seva itakataa kuzungumza na toleo la zamani.

Mimi ni msanii, Siaya. Wimbo wangu una dakika nane. Mioyo ni michache kuliko wasikilizaji. Na kidole chini, kinaniumiza?

Spotify huhesabu usikilizaji wimbo ukipita sekunde 30, kwa hiyo urefu haukudhuru, ila mwanzo wa taratibu unaweza. Benga hujenga polepole, gita linapamba moto mwishoni, na moyo hubonyezwa hapo, wakati simu iko mfukoni. Usisome mioyo peke yake. Tazama ni wangapi waliuhifadhi kwenye orodha zao. Vidole chini vya YouTube umma hauvioni tangu Novemba 2021, unaviona wewe kwenye YouTube Studio, ukurasa wa mwenye video.

Kagua pia tahajia ya jina lako. Ukiandikishwa kwa herufi za mwanzo kwenye kazi moja, jina kamili kwenye nyingine na jina la bendi kwenye ya tatu, programu inakuhesabu watu watatu na mioyo inagawanyika. Wakongwe hili limewapata: kazi za marehemu D.O. Misiani utazikuta pia chini ya Daniel Owino Misiani, na tena chini ya Shirati Jazz. Mwambie msambazaji wako aunganishe kurasa kabla ya kutoa wimbo mwingine.

Herufi za sura mpya ni ndogo, sioni jina la wimbo. Nina miaka 71, Busia.

Mzee wetu, shida hiyo haiko ndani ya programu. Fungua mipangilio ya simu, ingia "Skrini", kisha ukubwa wa maandishi, sogeza kitelezi hatua mbili kulia. Majina marefu yakikatika, rudisha hatua moja na uongeze "ukubwa wa vipengee vya skrini" badala yake. Hapo hata kitufe cha moyo kinanenepa.